Mkono wa Mgema Uatioa

"Ushike," alisema Daktari Teretia. "Haung'ati."

Inspekta Tekaai alikuwa polisi kwa miaka ishirini na miwili na bado hakupenda kushika maiti. Lakini daktari huyu alikuwa binamu yake, walilelewa ua mmoja, na kama angekataa habari ingefika kijijini kabla yake. Akauinua mkono wa kulia wa mzee Uatioa kutoka chini ya shuka, akaugeuza kwenye mwanga wa taa ya chumba cha maiti.

"Haya. Unaona nini?"

"Mkono."

"Na serikali inakulipa kwa hilo. Angalia vizuri, bwana."

Akaangalia. Ulikuwa mkono wa mwanamume wa miaka sitini na minne, mgema aliyepanda minazi asubuhi na jioni tangu akiwa kijana. Bega lilikuwa limejaa. Msuli wa mbele, ule unaovimba mtu akikunja kiwiko, ulikuwa bado mnene. Chini ya kiwiko mambo yalibadilika: upande wa ndani ulikuwa umepungua, vidole vimejikunja, na kiganja kimesinyaa. Kati ya gumba na kidole cha shahada, mahali ambapo kila mtu ana nyama ya kufinya, palikuwa na shimo.

"Amekonda," alisema Tekaai.

"Mtu hakondi mkono mmoja. Papasa kiganja. Sasa papasa cha kushoto."

Cha kushoto kilikuwa na sugu ngumu chini ya kila kidole. Cha kulia hakikuwa na hata moja.

"Laini," alisema polepole. "Kama cha karani."

"Kama chako," alisema daktari, akavuta kiti akaketi.

Tekaai aliliweka faili juu ya meza ya pembeni. Alikuwa analijua kwa moyo, ila kulisoma kulimsaidia kufikiri. Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Uatioa alikutwa chini ya mnazi wake mrefu, kisogo kimepasuka, kotama yake ya kugemea imelala hatua kumi kutoka alipo. Jirani yake, Nei Kimaere, aliapa kwamba alimsikia akiimba juu ya mnazi huohuo saa kumi na mbili kasoro robo, kama kila siku. Mama huyo alikuwa akifagia uani, karibu kabisa, na hakusikia mtu akianguka. Nusu saa baadaye akamwona Bwaranga, mpwa wa marehemu, akitoka mbio kwenye ile minazi. Watu wengine wanne waliusikia wimbo.

Kamanda akapiga hesabu yake. Mzee aliimba, akashuka salama, akapigwa akiwa chini. Juma lililotangulia Bwaranga na mjomba wake walikuwa wametukanana kwenye maneaba, jumba la mikutano la kijiji, wazee kwa vijana wakisikiliza, kwa sababu mzee alikataa kumwachia mpwa wake hata mnazi mmoja wa kugema. Kesho, Ijumaa saa nne asubuhi, Bwaranga angesomewa shtaka la mauaji kabla hakimu hajapanda ndege ya kwenda visiwa vya kusini. Kijana mwenyewe alisema alikuwa akileta samaki wa kuombea radhi, akamkuta mzee amelala, akaogopa, akakimbia. Samaki walikutwa kweli, wamefungwa kwa ukindu. Kamanda alisema hata muuaji hula samaki.

"Usiku wote Bwaranga alikuwa majini na wavuvi sita," alisema Tekaai. "Walitia nanga saa kumi na moja na nusu. Kabla ya hapo ana mashahidi sita. Baada ya hapo hana hata mmoja."

"Na muuguzi wangu alifika saa ngapi?"

"Saa moja. Aliandika kwamba taya na mikono yote miwili ilikuwa imeshakakamaa."

"Basi alikuwa amekufa kwa muda wa saa nne, labda tano. Taya peke yake ningekubali. Mikono, hapana."

"Kamanda anasema ni joto lililoharakisha."

"Kamanda ana joto kwa kila kitu. Hata faili zikipotea ni joto."

"Mahakama nayo itasema joto, Teretia. Watu watano wamesikia wimbo. Hapa kwetu nani atabishana na wimbo?"

Kila mgema ana wimbo wake, aliourithi kwa baba yake, na hakuna anayemwibia mwenzake. Huimba akiwa juu ili walio chini, hasa wanawake wanaokoga, wajue kuna mtu. Na walio chini, kwa adabu, hawainui macho. Mtoto wa kisiwani hufundishwa hivyo kabla hajajua kuhesabu.

Teretia alichana kipande cha karatasi kwenye faili la Kamanda, bila hata kuomba. "Bana hii kati ya gumba na kidole. Kwa nguvu." Akaivuta kutoka upande wa pili. Ilichanika ila haikutoka. "Umeona gumba lako lilivyonyooka? Msuli unaofanya kazi hiyo uko hapa, ndani ya lile shimo. Wa Uatioa umekufa. Kama angejaribu, gumba lingejikunja kwenye ncha na karatasi ningeichukua kama ya mtoto."

"Kwa hiyo asingeweza kushika karatasi."

"Wala kotama. Wala kamba ya kufungia karara. Wala kikonyo cha kuti."

Tekaai aliuangalia ule mkono upya. "Tangu lini?"

"Nyama kunywea hivi? Karibu mwaka."

Kisha akageuza jalada la faili na kuchora nyuma yake mistari mitano inayotoka shingoni. Tekaai aliwaza jinsi atakavyomweleza Kamanda ile michoro, akaamua kwamba hatamweleza.

"Mishipa ya fahamu ya mkono inaanzia shingoni, mizizi mitano. Inachanganyika hapa nyuma ya mtulinga, halafu inagawanyika tena kila mmoja na njia yake. Nitakupa kwa mkato, maana nakujua. Ya juu inalisha bega, na inakunja kiwiko. Ya katikati inanyoosha kiwiko na kuinua kifundo cha mkono. Miwili ya chini kabisa inalisha vidole: kufumba ngumi, kutanua, kufinya. Sasa nisomee mkono wa mzee kuanzia juu."

"Bega zima. Kiwiko kinakunjika. Kifundo..." Alikigusa. "Kizima. Vidole vimekwisha." Akautazama mchoro. "Ya chini ndiyo iliyoharibika."

"Ona, umefaulu."

"Inaharibikaje?"

"Mtu anaanguka kutoka juu, anadaka kitu kwa mkono mmoja. Mwili unashuka, mkono unabaki juu. Mizizi ya chini ndiyo inayovutwa zaidi, inang'oka. Anapona, anatembea, anainua mkono kuwasalimu watu barabarani, na hakuna anayejua lolote. Mnazi angeweza kuukumbatia. Kuushika, hapana."

Tekaai alikuwa ameuinua mkono tena. Ndani ya kunjo la kiwiko ngozi ilikuwa imechubuka vibaya, michubuko mipya, na vijinyuzi vya kuti vilikuwa vimekwama humo. Kiganjani hapakuwa na mchubuko hata mmoja.

"Na hii?"

"Hiyo ni kazi yako. Mimi naomba kitu kimoja ambacho maiti hawezi kunipa. Nataka kuwa na hakika kwamba ni mizizi, si mshipa uliobanwa kiwikoni. Mzizi wa mwisho kabisa unapita pamoja na mshipa mwingine mwembamba unaopanda usoni. Ukiharibika huo, kope la upande uleule hulegea, na upande ule wa uso hauonyeshi jasho. Kawaulize walio hai."

*

Nei Kimaere alikuwa amekalia mbuzi akikuna nazi, na hakuinuka.

"Inspekta tena! Safari hii umekula? Juzi ulikuja na tumbo tupu, ukanikazia macho shelisheli langu mpaka nikaona haya."

"Nimekula, mama."

"Uongo. Kaa." Akamsogezea sahani ya shelisheli la kuchoma na kipande cha samaki mkavu. Alikuwa mjane wa mgema, mwanamke mnene mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara, na tangu Jumanne alikuwa ameusimulia ushahidi wake mara nyingi hata ukawa na madoido. Tekaai alikula kwanza. Mtu akila kwako humsemi vibaya, na yeye alihitaji asemwe vizuri.

"Nieleze macho ya marehemu," alisema.

"Macho yake? Alikuwa nayo mawili."

"Yote sawa?"

Mkono wa Kimaere ukasimama juu ya nazi. "Sasa umenikumbusha. La kulia lilianza kusinzia. Mwaka jana, baada ya Krismasi. Kope limeshuka hivi. Tulimtania sana, tukasema anamkonyeza mke wa mchungaji."

"Na jasho?"

"Nani kakwambia habari ya jasho?" Akacheka mpaka mbuzi ikatikisika. "Kanisani! Joto limetushika sote, mchungaji hamalizi, na Uatioa anatoka jasho nusu ya uso. Kushoto anachuruzika, kulia kukavu. Nikasema, nusu yake tu ndiyo inayomwogopa Mungu."

Tekaai aliliweka pande la shelisheli chini. Alihisi ule utulivu unaomjia mtu anapojua kwamba kitu kimekaa mahali pake, na hakuuonyesha.

"Alianguka mwaka jana?"

"Uatioa? Miaka hamsini hajaanguka. Aliteguka bega tu baada ya Krismasi, akalala ndani wiki tatu. Bintiye alisema ni homa."

"Na wimbo wake? Ulibadilika?"

"Ulikuwa mtamu zaidi! Sauti ilitulia. Nilidhani ameacha tumbaku."

"Mama Kimaere. Mwaka huu mzima, ulimwona kwa macho yako akiwa juu ya mnazi?"

"Una wazimu, baba? Mimi mjane nimkodolee macho mwanamume juu ya mnazi?"

"Sikusema umkodolee. Nimeuliza kama ulimwona."

"Nilimsikia."

"Macho, mama."

"Hakuna anayeona," alisema hatimaye, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa ndogo. "Kusikia ndiko kuona. Ndivyo ilivyo." Kisha, kana kwamba amekumbuka jambo baya: "Bwaranga alimwuliza vilevile. Siku ile ya matusi. Alimwambia mbele ya watu, 'Mara ya mwisho kuonekana juu ya mnazi ni lini, mjomba?' Mzee akageuka rangi, akatoka. Sisi tulidhani ni hasira."

Tekaai alikwenda kwenye pikipiki akarudi na gunia bichi. Ndani mlikuwa na makarara matatu ya maua, yale yanayokatwa ncha yatoe tembo, ambayo koplo wake aliyakata Jumanne kutoka kwenye kilele cha mnazi wa marehemu. Kamanda alikuwa ameyatazama mara moja akauliza kama yanaliwa. Tekaai akayapanga mbele ya mjane.

"Nisomee haya. Mumeo alikuwa mgema."

Kimaere alijifuta mikono kwenye shuka lake kabla ya kuyagusa. Ncha za makarara mawili zilikuwa zimekatwa laini kama kucha, na zimekauka. Akazipapasa kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Haya hayakukatwa Jumanne asubuhi. Ni ya Jumatatu jioni. Uso umefunga kabisa." Akachukua la tatu. Ncha yake ilikuwa imekwanguliwa, nene upande mmoja, nyuzi zimetokeza. "Na hili kakata nani? Mlevi? Tena ni wa mkono wa kushoto, ona linavyolalia. Uatioa hakati hivi hata umfumbe macho."

"Kamanda anasema mkono ulimtetemeka kwa hasira."

"Basi Kamanda akakate yeye." Alilitupa karara guniani. Halafu mwili wake mzima ukatulia. "Inspekta. Aliimba Jumanne, nilimsikia. Mtu anapanda, anaimba, halafu hagemi?"

"Ndilo swali langu, mama. Ahsante kwa shelisheli."

*

Botika, binti wa pekee wa Uatioa, alikuwa ameketi chini ya paa la nyumba ya msiba akisuka mkeka wa ukindu. Ilikuwa saa kumi jioni. Alikuwa na miaka thelathini, mrefu, mwenye mabega ya baba yake, na hakuacha kusuka Tekaai alipovua viatu na kuketi mbele yake.

"Sina tembo la kukupa," alisema. "Hakuna aliyegema tangu Jumanne."

"Najua."

Aliitazama miguu yake iliyokunjwa juu ya mkeka. Upande wa ndani wa nyayo, pale mtu anapoukanyagia mnazi kwenye vidato, ngozi ilikuwa nene na ya manjano. Ndani ya mikono yake, kutoka kiwiko hadi kifundo, kulikuwa na michirizi ya zamani ya gome. Tekaai alijilaumu. Jumanne na Jumatano alikuwa ameketi mahali hapahapa akimwuliza habari za Bwaranga, na macho yake yalikuwa kwenye daftari.

"Kesho saa nne binamu yako anasomewa mauaji," alisema. "Akipatikana na hatia hatoki tena. Ana miaka ishirini na sita."

"Bwaranga hakuua mtu."

"Mimi nakubali. Nisaidie nikubaliwe."

"Sina la kusema."

Tekaai aliokota jani la ukindu, akalibana kati ya gumba na kidole cha shahada, akamwelekezea. "Vuta." Botika hakuvuta. "Baba yako asingeweza kulizuia. Mkono wake wa kulia ulikufa mwaka jana, baada ya Krismasi. Hakuwa na homa. Alianguka, akadaka kuti, akaning'inia, na mishipa ya fahamu ikang'oka huku chini ya shingo. Ndiyo iliyomlegeza na kope. Daktari ameusoma mkono wake kama barua. Kwa mwaka mzima kuna mtu mwingine aliyekuwa akigema minazi hii."

Ukindu ulikatika mikononi mwa Botika. Akautupa, akachukua mwingine.

"Baba alikuwa mgema," alisema.

"Sijasema hakuwa."

"Watasema wao. Mwaka mzima amekaa maneaba kwenye nafasi ya wagema. Amekula fungu la wagema. Ukiandika habari ya mkono wake watasema alikuwa mwongo, na kwamba tembo walilokunywa lilitoka kwa mwanamke. Wamzike na hilo?"

"Na Bwaranga azikwe na nini?"

Machozi yalikuwa yakimtiririka lakini uso haukubadilika, na mikono iliendelea kusuka vibaya. Tekaai alimhurumia, alimhurumia kweli, kwa sababu aliona kwamba hakuwa amekusudia kumtupa binamu yake. Alikuwa amenyamaza siku ya kwanza akidhani polisi watasema mzee ameanguka, basi. Na kila siku iliyoongezeka ilikuwa imefanya kusema kuwe kugumu zaidi. Kama angemwuliza kipolisi angekana mpaka kesho saa nne. Hapakuwa na karatasi wala amri ya kumfungua kinywa.

Kwa hiyo alivua kofia ya polisi, akaiweka nyuma yake mahali asipoiona.

"Nei Botika," alisema. "Nakufanyia bubuti."

Mikono ikasimama. "Usinifanyie."

"Nimeshakufanyia."

"Inspekta, nakusihi."

"Panda mnazi wa baba yako, uniimbie wimbo wake."

Watu wetu wametoa mitumbwi kwa bubuti, wametoa nguruwe wa arusi na mashati yaliyo mwilini. Mtu akikuomba hivyo, hukatai; ukikataa, aibu itawafuata watoto wako. Tekaai alijua anatumia silaha ambayo sheria haikumpa, na hakujisifu. Alikaa akitazama mkeka. Botika aliumaliza mstari wa ukindu aliokuwa akiusuka. Halafu akainuka, akajifunga shuka vizuri kiunoni, akatoka nje.

Aliupanda mnazi ule bila kutazama vidato. Mkono juu, mguu, mkono, mguu, na penye kilele akakishika kikonyo cha kuti kwa vidole vitano vya mkono wa kulia, akajivuta ndani ya makuti, akapotea. Tekaai alisimama chini akijilazimisha kutazama juu, na hata yeye, pamoja na kazi yake, shingo ilimkatalia kidogo.

Kisha wimbo ukaanza.

Ulitoka chini ya koo, mzito, bila haraka. *Nimekwea niliko, ndege niliowafukuza wasinikasirikie. Ninaziona nyumba zenu, sizitazami. Tamu ya mti huu ni yenu, upepo ni wangu.* Ufagio uliokuwa ukikwaruza mahali fulani ukanyamaza. Mtoto aliyekuwa akilia akanyamazishwa. Watu wakatoka majumbani mmoja mmoja, vichwa vimeinama kwa mazoea, wakakusanyika barabarani bila kusemezana. Nei Kimaere alikuja mbio, mikono imejaa machicha ya nazi.

"Uatioa!" alisema. "Mungu wangu, ni Uatioa!"

Wala si yeye peke yake aliyedhani hivyo. Wawili kati ya wale mashahidi wanne walikuwa pale, na Tekaai aliwaona wakishikana mikono. Akawaendea.

"Inueni macho," alisema. "Nyote. Leo naruhusu."

Wakasitasita. Kimaere ndiye aliyeanza, halafu wengine, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao watu wa kijiji kile walimtazama mgema akiimba. Botika alikuwa amesimama kwenye kilele, mkono wa kulia umeshika kuti, nywele zimefunguka. Alimaliza ubeti. Hakuna aliyecheka.

"Ni wewe?" aliita Kimaere. "Mwaka wote ni wewe?"

"Ni mimi, mama. Na Jumanne ni mimi. Nilimkuta baba chini ya mti kabla ya alfajiri, ameshapoa. Bwaranga alikuwa bado majini."

Manung'uniko yakapita. Tekaai alikwisha kupata alichokitaka, mashahidi na saa, na Kamanda angelazimika kutafuta joto mahali pengine. Alikuwa akiivaa kofia yake pale sauti ilipomfikia tena kutoka juu.

"Inspekta! Sasa zamu yangu. Nakufanyia bubuti, mbele ya hawa wote."

Kofia ikabaki mkononi. Kama Botika angemwomba aufiche ule mkono kwenye ripoti, yeye angekuwa na deni asiloweza kulilipa na kijana asiyeweza kumwacha ndani, na yote mawili mbele ya kijiji kizima.

"Sema," alisema.

"Andika kwamba alifika."

"Alifika wapi?"

"Hapa. Juu. Tangu Bwaranga alipomwuliza lile swali hakulala. Usiku wa kuamkia Jumanne alinidanganya kwamba anakwenda pwani. Nilipomkuta, nilipanda nione aliishia wapi. Nilidhani katikati. Alikuwa amefika, Inspekta. Alikuwa amekata karara moja, kwa kushoto, vibaya. Alikata na hakuimba, kwa sababu ilikuwa usiku wangemsikia. Mgema akikata huimba. Kwa hiyo nilimwimbia."

Tekaai aliligeukia gunia lililokuwa kwenye pikipiki. Aliona sasa mambo yote kwa mpangilio wake: bega zima na kiwiko kizima vikimpandisha mzee kidato kwa kidato, akiukumbatia mti asioweza kuushika, mkono wa kulia umelikaba kuti ndani ya kunjo la kiwiko, mpaka ngozi ikachubuka, kotama katika mkono wa kushoto. Kisha kugeuka ili ashuke, pale ambapo mtu hana budi kujishikiza kwa vidole, na vidole havipo. Hapakuwa na muuaji wa kumpeleka kwa Kamanda. Kulikuwa na mizizi miwili ya chini, kati ya mitano.

Akatoa daftari. Aliandika kwa herufi kubwa akisimama, na alipomaliza alisoma kwa sauti ili na yule wa juu asikie.

"'Marehemu Uatioa, mgema, alipanda mnazi wake usiku wa kuamkia Jumanne akiwa na mkono mmoja. Alifika juu. Alikata. Alianguka akishuka.'"

Nei Kimaere alikuwa bado ametazama juu, machicha yakimdondoka vidoleni.

"Imba tena, mwanangu," alisema. "Sikumsikia vizuri."